Anayepigwa Ndiye Anayeongoza

Niliigiza mara moja tu maishani mwangu, kwenye uwanja wa nyasi karibu na Frere Town, mwaka wa pili au wa tatu baada ya vita vikuu kwisha, na mchezo wenyewe haukufika mwisho. Hata hivyo, wale wa rika langu waliosalia bado hunisimamisha njiani kuniambia nilicheza vizuri. Nawajibu ahsante na kwenda zangu. Nikikaa kuwaeleza kilichonipata siku ile nitapandwa na hasira, na kwa umri huu nilio nao hasira humwangusha mtu.

Wakati huo nilikuwa mchonga mawe kwenye timbo moja la Kisauni. Ilikuwa kazi ya sururu, mtaimbo na tindo tangu jua kuchomoza, na jioni mikono ilitetemeka yenyewe hata chai ikamwagika kikombeni. Watu walisema nina mkono mwepesi. Nilimvunja mwenzangu taya kwa ajili ya zamu ya maji ya kunywa. Nilimpiga mtu wa Changamwe mpaka akatapika, kwa kuwa alinicheka nilipojikwaa. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo; alinipiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa chochote kilichokuwa karibu, na mama akiingia katikati alipata fungu lake. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, majirani walisema wakitikisa vichwa, na methali ile niliipenda kwa sababu iliniondolea lawama.

Nilimpiga mke wangu pia. Nisiseme nilimkanya wala nilimtia adabu, maneno tuliyoyatumia wanaume wa wakati ule. Nilimpiga, kwa miaka minane. Mara ya mwisho sababu ilikuwa ugali wa unga wa manjano, ule wa mgao wa vita, ambao hata malaika asingeweza kuupika ukalika. Nilimsukuma, akaangukia ukingo wa kinu, mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Niliusikia mfupa. Binti yetu wa miaka minne alikuwa amesimama mlangoni.

Mke wangu alikwenda kwao Rabai akakaa huko hadi mkono ulipounga. Wazee walikwenda na kurudi, mchungaji naye akatumwa, na mwishowe mwenyewe akakubali kurudi. Siku aliyorudi hakuketi kwanza. Alisimama na mzigo wake kichwani akaniambia:

“Sikurudi kwa ajili ya wazee. Nimerudi kwa kuwa mtoto anakuulizia. Siku utakayoniinulia mkono tena, sitamwita mtu wa kuamua. Nitaondoka na mtoto, na hutatuona.”

Niliapa. Nilikuwa nimeapa mara nyingi kabla ya hapo, lakini safari hii niliogopa, kwa sababu hakulia alipoyasema hayo.

Mwezi uleule alikuja timboni mtu nisiyemjua, Mgiriama mrefu aliyerudi kutoka vitani Bama, bado amevaa koti lake la jeshi lililobanduliwa vyeo. Tukamwita Koplo. Huko vitani alikuwa na kikundi cha kuwachezea askari michezo, na sasa wazee wa misheni walikuwa wamemwomba atengeneze mchezo wa kuonyesha jinsi babu zetu walivyokamatwa, wakafungwa, wakaokolewa baharini na manowari na kushushwa Frere Town. Alitaka mtu wa kuwa msimamizi wa watumwa, mwenye mjeledi. Kila aliyemwuliza Kisauni alimwelekeza kwangu. Nikamwuliza kama anatafuta mtu wa kucheza au mtu wa kupiga, akacheka, akasema siku ya kwanza atachukua chochote atakachopata. Nilikubali. Ukweli ni kwamba jioni za nyumbani zilinitia hofu, na nilitaka mahali pa kuzipeleka.

Sasa, sisi wa Frere Town ni wajukuu wa watu waliokombolewa. Jambo hilo kanisani ni wimbo na sokoni ni tusi. Kwa hiyo Koplo alipouliza nani atakuwa mtumwa, kila mtu aligombea sehemu nyingine. Manahodha wa jahazi la watumwa tulikuwa nao saba. Mabaharia wa Kizungu walikuwa wanne, wamekwisha kuanza kubishana nani atavaa kofia. Mtumwa hakuwepo hata mmoja. Bibi mmoja wa kwaya, ambaye sote tulimheshimu kama mama, akasimama akasema nyanya yake alikuwa mtumwa mara moja, na mara moja inatosha. Akaketi.

Basi Koplo akaenda kutafuta wageni. Kutoka Changamwe alileta makuli sita wa reli, watu wa bara, ambao kwao neno “mtumwa” halikuwa na uzito wowote. Mtumwa mkuu, yule wa kupigwa, alipatikana mbali zaidi, Mtongwe, ng'ambo ya feri. Alikuwa mkwezi wa minazi aliyekuja kuangua nazi kwenye mashamba ya Kisauni, Mwislamu wa ukoo wa zamani, mwembamba, mikono mirefu, mdomo haufungiki. Yeye alicheka alipoelezwa shida yetu.

“Mimi ni muungwana, babu wa babu,” akasema. “Hata munivishe kongwa, nikilivua nitasalia mimi yule yule.”

Nilimchukia papo hapo. Yeye tu ndiye aliyeweza kuucheza utumwa bila hofu, na mimi, mjukuu wa mtumwa, ndiye niliyeshikishwa mjeledi. Sote tuliliona hilo, na hakuna aliyelitaja, kwa kuwa kwa siri lilitufurahisha.

Seremala wa misheni alichonga kongwa la kweli kabisa, mti mzito wenye panda, na pini ya chuma ya kufunga nyuma ya shingo. Mjeledi ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe. Koplo alinieleza kazi: mjeledi uanguke chini, ubavuni mwa mtu, huku yeye akijipiga paja chini ya kikoi, na kijana mmoja nyuma ya pazia la makuti akipiga gogo kwa ngozi iliyolowa ili sauti ipatikane. Nilisikia kila neno. Kisha mkwezi akapiga magoti mbele yangu, nikakumbuka alivyosema “babu wa babu,” na mkono ukashuka wenyewe. Ngozi yake ilipasuka kutoka begani hadi kiunoni. Alizunguka na kongwa lake shingoni, mti ukanipiga magotini, nikaanguka, tukagaagaa kwenye nyasi tukiumana mpaka makuli sita wakatutenganisha.

Mkwezi alikaa chini akihema, damu inamchirizika mgongoni. Nilingoja anitukane.

“Bwana,” akaniuliza, “wewe na mkono wako hamujuani?”

Ningependelea tusi. Tusi ningelijibu kwa ngumi.

Koplo hakunifukuza. Aliniambia ninapiga kama mtu aliye peke yake uwanjani, na huo si mchezo, hata ulevi una wenza. Kisha akanipa sheria moja, akanitaka niirudie mbele ya watu wote kama mtoto wa chuoni.

“Anayepigwa ndiye anayeongoza. Wewe unamngoja. Avute pumzi, ainue bega la kushoto, ndipo mkono wako ushuke. Asipokupa ruhusa, huna mkono.”

Wiki nzima hatukuugusa mjeledi. Niliinua mkono mtupu, mkwezi akakaa bila kuvuta pumzi kwa makusudi, nikabaki nimeuinua hadi ukafa ganzi. Wakati mwingine alikuwa akipiga miayo. Makuli wa Changamwe walicheka mpaka wakalala chini, na mimi niliyewahi kumtapisha mtu kwa kicheko kimoja nilisimama nikingoja bega la mkwezi.

Katika wiki ya tatu niligundua jambo. Hasira yangu ilianzia tumboni, ikapanda kifuani, ikafika begani, na kutoka hapo ikateremka kuwa pigo. Maisha yangu yote nilidhani hayo ni kitu kimoja, kwamba mtu akikasirika amekwisha kupiga. Kumbe pale begani palikuwa na mwanya, mwembamba kama upenyo wa chini ya mlango, na mtu aliyefunzwa aliweza kusimama hapo. Nilisimama hapo siku ya kwanza kwa kubahatisha. Baada ya hapo nikawa nasimama nipendapo. Wiki ya tano nilikuwa natupa mjeledi kwa nguvu zangu zote za timboni, ukapasua majani kidole kimoja kutoka mbavu za mkwezi, naye akalia kwa sauti iliyowafanya wapita njia waache mizigo yao. Hata unywele mmoja sikumgusa.

Tukawa marafiki, kwa namna ile ya watu waliokwisha kuumana. Aliniletea dafu akanionyesha kovu lake kama mtu anayeonyesha saa mpya. Siku moja akakiri kwamba kwao Mtongwe hajawaambia atakuwa mtumwa. Wajomba zake wangeona ameutia ukoo mavumbini, kwa hiyo amewaambia yeye ni jemadari, tena juu ya farasi. Nikamwuliza farasi yuko wapi. Akasema wajomba hawakuuliza, na kwamba feri na mwendo wote ule kuvuka kisiwa havitawaleta wazee wavivu kama wale.

Nyumbani nilisema tu kwamba nina sehemu kwenye mchezo. Jioni moja mtoto alimwaga mafuta yote ya taa. Moto ulinipanda kutoka tumboni, ukafika begani, ukasimama. Nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe. Mke wangu alichungulia, akaniangalia muda mrefu, akarudi ndani. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo. Nilimsihi siku ya mchezo aje mapema akae mbele kabisa, nataka aone kwa macho yake.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Tulizungusha kamba ya makumbi kuwa mpaka wa uwanja, na watu wakajaa nyuma yake: Frere Town yote, watu wa mashamba, wenzangu wa timboni, nusu ya landi, zile nyumba za makuli wa reli kule Changamwe. Mke wangu alikuwa kwenye benchi la kwanza na mtoto mapajani. Nilipochungulia kutoka nyuma ya makuti niliona upande wa kulia wanaume wanne wenye kanzu safi, kofia na bakora, mavumbi ya safari miguuni. Wavivu walikuwa wamekuja kumwona jemadari wao.

Mkwezi naye aliwaona. Uso ulimbadilika rangi. Nilimwambia tumweleze Koplo, lakini ngoma ilikuwa imekwisha kulia, na makuli sita walikuwa wanaingizwa uwanjani wamefungwa shingo kwa shingo. Akasema liwalo na liwe, akainama, pini ikapita nyuma ya kongwa.

Nilitakiwa kupiga mijeledi kumi na miwili. Wa kwanza ulitoa mlio uliowanyamazisha watoto. Kwa wa tatu wanawake walikuwa wanalia, na kwa wa tano wenzangu wa timboni walikuwa wananitukana kwa jina la baba yangu. Mkwezi alicheza kama mtu aliyepagawa, alipiga mayowe, akajiburura, akaomba maji, na kila mara bega lake la kushoto likainuka kunipa ruhusa. Sijawahi kusikizana na mtu vile. Nilipoinua mkono kwa wa tisa, mmoja wa wale wanne, mzee kuliko wote, alikwisha kuiruka kamba.

“Mtumwa yuwampiga muungwana!” akasema kwa sauti kubwa, na bakora yake ikanipata mdomoni.

Neno lile lingesemwa sokoni, watu wetu wangemeza mate. Lilisemwa uwanjani kwetu, mbele ya watoto wetu, siku tuliyowakusanyia wazee wetu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Frere Town yote ikapita juu ya kamba. Manahodha saba walikuwa na mapanga ya mbao, nao wakayavunjia vichwani mwa watu. Benchi za kanisa ziling'olewa miguu. Watu wa mashamba, ambao hawakujua nani amemtukana nani, walimpiga aliyekuwa karibu. Makuli wetu sita waliona vumbi wakataka kukimbia, lakini Koplo alikuwa ameng'ang'ania mafundo ya kweli; mmoja akaenda kushoto, watano wakamfuata kwa shingo, wakaanguka chungu moja na umati ukawakanyaga. Kuli mmoja alichanika sikio. Koplo alipigwa jiwe juu ya jicho akaketi chini taratibu, na damu ikamfunika uso.

Wajomba walikuwa wamenizunguka. Yule mzee alinipiga tena, na wengine wakanipiga mgongoni na mbavuni. Mjeledi ulikuwa bado mkononi mwangu. Nataka ieleweke kwamba sikushindwa. Nilikuwa nabeba mawe ya watu wawili, na nilijua hasa mahali pa kumpiga mzee yule, chini ya sikio, mara moja, asiamke. Moto ulipanda tumboni, kifuani, begani. Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na kamba, ameuficha uso wa mtoto tumboni mwake, na ananitazama mimi tu. Nikaachilia mjeledi, mikono ikaning'inia, na wao wakaendelea kunipiga. Nilitema meno mawili. Niliusikia ubavu ukivunjika, na nikakumbuka kwamba mlio ule nimewahi kuusikia.

Mkwezi alikuwa anapiga kelele kwamba ni mchezo, ni mchezo tu. Hakuna aliyemsikia, kwa kuwa alikuwa amepiga kelele tangu mwanzo na watu walidhani ni kelele zile zile. Mwishowe alikuja akajitupa juu yangu na kongwa lake, na bakora zilizonuiwa kichwa changu zikavunjikia kwenye ule mti. Askari wa darajani walipofika na filimbi zao, mimi na yeye tulikuwa bado tumelala hivyo, yeye akilia machozi ya kweli. Pini ilikuwa imepinda, haikutoka. Mkwezi alivuka daraja la Nyali, akapita kisiwa kizima na kupanda feri, kongwa li shingoni, wajomba zake wametangulia mbele bila kugeuka. Niliambiwa ni mhunzi wa Likoni aliyemfungua.

Jua lilikuwa halijatua nilipoketishwa nyumbani kwangu. Mke wangu alichemsha maji, akatia chumvi, akaanza kuniosha mdomo. Nilikuwa nacheka. Kila nikicheka ubavu ulinichoma, na bado nilicheka.

“Umeona?” nikamwambia. “Wamenipiga wanne, na sikuinua mkono.”

Akasema ameona. Akasuuza kitambaa, maji yakawa mekundu. Kisha akaniuliza kuhusu ile mijeledi minane: ni mingapi iliyomgusa yule mtu? Nikasema hakuna. Akauliza tena, hata mmoja? Nikamwambia hata mmoja, na nikamweleza yote, bega la kushoto, pumzi, ule mwanya unaopatikana kati ya hasira na pigo, jinsi nilivyoupata na jinsi sasa nasimama hapo nipendapo. Nilimsimulia kama mwanafunzi aliyefaulu. Yeye alisikiliza, kitambaa kimetulia mkononi.

“Mlifanya mazoezi muda gani?”

“Wiki sita.”

 Alinifuta damu iliyokuwa imeganda sikioni, taratibu, asiniumize.

“Mimi nilidhani ni ugonjwa,” akasema. “Nilimwambia mama yangu ni ugonjwa, umeurithi kwa babako. Nimekuombea miaka minane kama mtu anavyomwombea mgonjwa. Kumbe unaweza, na kwa wiki sita tu.”

 Aliendelea kuniosha. Hakuacha jeraha hata moja.

Asubuhi alikuwa amefunga mzigo wake na nguo za mtoto. Nilimkumbusha sharti alilotoa mwenyewe, kwamba ataondoka siku nitakapomwinulia mkono, na kwamba sijamwinulia. Nilikuwa na haki, na mchungaji baadaye aliniambia hivyo hivyo. “Ni kweli, hujaniinulia,” akasema. Nilisimama mlangoni nikauziba kwa mwili wangu. Hasira ilikuwa imenijaa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, imefika begani, imesimama pale ilipofunzwa kusimama, na wote wawili tulijua kwamba haitateremka.

Akamshika mtoto mkono, akapita chini ya mkono wangu, akanipa mgongo, akashika njia ya Rabai. Hakuwa na sababu ya kukimbia, akatembea.